Diski ya Harusi na Diski ya Matanga

Mimi ni mtu wa mpango. Ukiingia studio yangu hapa Migori mjini, ukachukua mkasi na kuurudisha mahali si pake, nitajua kabla hujafika mlangoni, na nitakwambia. Watu husema nina mdomo, na sikatai. Miaka kumi na tano ya kupiga video za harusi na mazishi haimwachi mtu mpole.

Nina diski tatu. Nyeupe ni ya walio hai: harusi, siku za kuzaliwa, mahafali. Nyeusi ni ya matanga. Ya tatu, ndogo ya bluu, ni ya sauti tu, kwa sababu kwenye sherehe kubwa huwa nachomeka kinasa sauti kidogo kwenye mitambo ya DJ ili nipate maneno safi, kisha nakuja kuunganisha picha na sauti hapa mezani.

Kutenganisha wazima na wafu hakukuwa wazo langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, bibi harusi mmoja alikuja kuchagua picha, akaona kwenye kompyuta folda ya harusi yake imekaa chini ya folda iliyoandikwa "Mazishi ya mzee, Sindo". Akasimama. Akasema hawezi kulala chumba kimoja na maiti, na kwamba kama nina adabu nitamhamisha mbele ya macho yake. Nilimwona mshamba, lakini wiki hiyo hiyo nilinunua diski ya pili. Wateja waliposikia walifurahi, wakaambiana. Basi sheria ikaota sheria nyingine. Mtu wa kwenye diski nyeupe akifariki, familia ikaja kutafuta picha zake za uhai, nilikuwa naitoa folda nzima ya picha ghafi huko naipeleka kwenye nyeusi, ili nyeupe isiwe na kifo ndani. Sikuwa nanakili. Nilikuwa nahamisha, na sikuwa naandika popote kwamba nimehamisha, kwa kuwa niliamini kichwa changu.

Jumatano moja baada ya chakula cha mchana aliingia mama mmoja fundi wa nguo, ambaye kibanda chake cha cherehani kiko karibu na soko. Ni mteja wangu wa zamani. Nilimpigia harusi ya kifungua mimba wake kule Homa Bay, na mwaka uliofuata nikampigia mazishi ya mumewe. Siku hiyo hakusalimia. Aliketi, akaweka mkoba magotini.

"Mama alituacha Jumapili," akasema.

Nikampa pole.

"Pole nimepata mingi. Nataka video ya harusi ya kijana wangu. Si unakumbuka mama alisimama akashika maiki? Alisema mahali atazikwa. Watu wote walikuwa hapo, hata watu ya kisiwa. Sasa nikiuliza, hakuna mtu anakumbuka."

Nikamwomba anieleze polepole. Mimi ni Mkuria, na ingawa nimekulia mji huu, mambo ya ndani ya Wajaluo huwa nayapata nusu nusu. Mama yake aliolewa kisiwani Mfangano. Mumewe alipofariki, ukoo ukamtaka arithiwe na mmoja wa shemeji zake kama desturi ilivyo. Akakataa. Wakamwambia kama hataki, njia anaijua, naye akaondoka na binti yake mmoja, ndiye huyu. Akauza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka na miaka hadi akanunua kipande cha ardhi Karungu, akajenga nyumba ya mabati kwa jina lake mwenyewe. Sasa maiti ilikuwa mochari Homa Bay, na ukoo wa kisiwani ulikuwa umeamka. Mke huzikwa kwa mumewe, walisema, na mashua ya kuvusha jeneza ilikuwa imeshapangwa. Kikao cha mwisho kilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

"Walimfukuza akiwa na mdomo," mama fundi akasema. "Wanamrudisha sasa juu mdomo hana. Nikienda kwa kikao bila hiyo video, mama ataenda kulala pahali alikataa maisha yake yote. Ni hiyo tu, nyathina."

Nyathina ni kusema mwanangu. Aliniita hivyo hata siku ya harusi.

"Iko," nikamjibu huku navuta kiti. "Mimi sipotezi kitu."

Nikachomeka diski nyeupe. Folda ya harusi ilikuwa mahali pake, na ndani yake filamu niliyowakabidhi, saa mbili na robo. Tuliipitisha haraka mara mbili. Kulikuwa na keki, kwaya, maharusi wakilishana, wajomba wakicheza vibaya. Mama yake, yule bibi kizee, alionekana mara moja tu, ameketi, akipunga mkono. Hotuba haikuwemo.

Haikuwemo kwa sababu niliikata. Hili lazima niliseme waziwazi. Hotuba za akina mama wazee nilikuwa nazikata zote. Ni ndefu, sauti zinatetemeka, na hakuna bwana harusi aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nyanya yake hayumo. Lakini huwa natunza picha ghafi zote, vipande vyote kama vilivyotoka kwenye kamera. Nikafungua mahali pa picha ghafi. Hapakuwa na kitu.

"Haiko?" akauliza.

Nilitafuta kwa jina la bwana harusi, kisha la bibi harusi, kisha kwa mwezi. Ni yeye aliyenikumbusha, tena bila kukusudia. Alisema mara ya mwisho kuketi kwenye kiti kile alikuja kutafuta picha ya mumewe akicheka, ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi, na nikampata mumewe akicheka kwenye hiyo hiyo harusi.

Basi nikajua. Folda ya picha ghafi ilikuwa kwa wafu.

Sasa, hiyo diski nyeusi ilikuwa mgonjwa. Miezi miwili kabla ilianguka kutoka mezani, na tangu siku hiyo ukiichomeka inagonga ndani, ka, ka, ka, halafu inanyamaza, halafu inagonga tena. Nilikuwa nimejiambia nitaihamishia kwenye diski mpya wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa imefika mara nane.

Nikaichomeka. Ikagonga. Majina yakatokea moja moja, yakijivuta. Folda ya picha ghafi za harusi ilikuwamo, ndani ya folda ya mazishi ya mumewe. Sikuthubutu kuifungua pale pale. Nilianza kuinakili kuja kwenye kompyuta, na ule mstari wa kijani ukatambaa hadi robo, ukasimama, ukaenda, ukasimama. Mstari ulipofika karibu na mwisho, stima ikapotea.

Diski ikazima na kompyuta ikazima, maana betri yake ilikufa zamani. Nilitoka nje nikakuta jirani yangu, Mwislamu mmoja kutoka Garissa anayeuza vitambaa, anawasha jenereta yake. Alinitazama usoni mara moja, akavuta waya hadi mlangoni kwangu. Nilimshukuru kwa kichwa tu.

Diski iligonga kwa dakika nzima kabla ya kufunguka tena. Nikaacha folda, nikachukua kipande kimoja kimoja kwa mkono. Cha kumi na tisa ndicho kilikuwa chenyewe.

Bibi alikuwa amesimama, kitambaa cha bluu kichwani, maiki ameibana mdomoni hadi inavuma. Aliongea Kijaluo, Dholuo cha ndani, na mimi changu ni cha sokoni, cha bei ya nyanya na samaki. Kwa hiyo nilimtazama binti yake. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, akitikisa kichwa polepole, akimsikia mama yake. Kisha picha ikaanza kuyumba. Kamera ilimwacha bibi, ikahamia kwenye keki, na sauti ikasikika karibu kabisa na kamera, kwa Kiswahili: "Haya mama, tumesikia." Picha ikakatika.

Ilikuwa sauti yangu.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akaniambia tena nirudishe. Mara ya tatu akanizuia mkono.

"Alikuwa amefika wapi?" nikauliza.

"Amesema, 'Siku nitaondoka.' Hapo ndiyo umezima."

Nilifungua mdomo kusema betri iliisha. Neno lilishafika kwenye ulimi, nusu yake ilitoka. Yeye alinitazama tu, bila hasira, nami nikalimeza. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa nimejivunia mpango wangu kwa miaka kumi na tano, na kumbe kitu kilichotakiwa sikukipoteza kwenye diski yoyote. Nilikizima mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilichoka kusimama.

Alishika mkoba wake akainuka. Ndipo nikakumbuka kile kinasa sauti.

"Ngoja. Mimi nilizima kamera. DJ hakuzima."

Kinasa kilikuwa kimechomekwa kwenye mitambo siku nzima. Kila kilichopita kwenye maiki kilipita humo. Lakini sauti, nikishaunganisha filamu na mteja akaichukua, sina kazi nayo tena. Kila Desemba huwa nafuta sauti zote za mwaka huo ili kupata nafasi. Nilimweleza hivyo.

"Kwa hivyo iko ama haiko?"

"Sijui," nikasema. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mteja neno hilo.

Alhamisi alikuja saa mbili asubuhi na chapati mbili kwenye mfuko. Nilikuwa nimeshafungua diski ya bluu, na nilichokiona kilinitia wasiwasi zaidi. Kulikuwa na faili nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini hazikuwa na majina, namba tupu. Saa ya kile kinasa iliharibika zamani, na tarehe zote zilisema ni mwaka ambao sikuwa hata nimemaliza shule ya msingi. Hapakuwa na njia ila kusikiliza.

Tulichomeka vifaa viwili vya masikioni. Nikawa nafungua faili, tunasikiliza kidogo mwanzoni, kidogo katikati, tunaiacha. Kwaya. Mchungaji. Mtu anajaribu maiki, moja mbili, moja mbili. Kilio cha wanawake ambacho hakikupaswa kuwa karibu na kwaya, lakini sauti sikuwahi kuitenganisha. Humo wazima na wafu walikaa pamoja miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Saa sita simu yake ikalia. Alikuwa baba yake mdogo kutoka Mfangano, msemaji wa ukoo. Aliiweka kwenye spika ili mikono yake iendelee kushika daftari la namba tulizokwisha kusikiliza. Mzee aliongea Dholuo, kwa upole sana. Nilielewa jeneza, na mashua, na kesho. Mama fundi alijibu neno moja moja, na alipokata simu niliona karatasi imelowa pale kidole gumba kilipokuwa.

"Anasema nisijisumbue," akaniambia. "Endelea."

Kama saa kumi hivi akainua mkono wake. Nikaondoa kidole kwenye kipanya. Nilisikia ile sauti inayovuma, maiki imebanwa mdomoni. Akanionyesha kwa kidole nisogeze mbele, kisha taratibu, kisha basi. Sikutazama kompyuta. Nilitazama uso wake. Bibi alisema maneno kadhaa, na katikati yake nikasikia neno nililolijua vizuri: Karungu. Akalirudia. Binti yake alifumba macho, machozi yakashuka yenyewe bila uso kukunjamana.

Bibi aliendelea. Nikanasa neno la msichana, na neno video, na watu wakacheka, kicheko kikubwa cha hema zima. Mama fundi alifungua macho, akanitupia jicho, akaangalia chini.

"Anasema nini hapo?"

"Anasalimia watu," akajibu.

Nikanakili sauti ile mara nne, kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili na kwenye simu yake. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwapo. Desemba ya mwaka ule wa harusi nilikuwa wodini nikijifungua binti yangu. Sikufuta chochote. Mpango wangu ulishindwa mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ukawa huo.

Kipande cha kamera sikukinakili kwenye flashi. Nilimwambia sauti inatosha, na akakubali. Nilikuwa najificha, na nadhani alijua.

Kikao kilikuwa Homa Bay, uani kwa jamaa mmoja, viti vya plastiki chini ya turubai. Nilikwenda na kompyuta na spika, kwa sababu mama fundi aliniomba. Baba mdogo alikuwa mtu mrefu mwenye koti safi, na alinisalimia vizuri kuliko nilivyotaka. Alisubiri nimalize kuunganisha nyaya. Kisha akageukia watu, akaongea Kiswahili, makusudi, ili nami nisikie.

"Siku hizi kompyuta inafanya mtu aseme kitu yoyote. Hata mimi nimeona kwa simu, mtu amekufa na anaimba. Huyu dada amesomea hii kazi. Na analipwa na upande moja. Sasa tutajua aje hiyo sauti si ametengeneza?"

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja wa ukoo aliyeketi mbele, aliyekuwa ameshikilia kofia yake magotini, akatikisa kichwa kukubali. Mama fundi alinitazama. Mikono yake ilikuwa imekaza mkoba kama siku ile ya kwanza. Niliona kikao kinaponyoka, na niliona jeneza kwenye mashua.

Kile kipande cha kamera kilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Hakuna mtu duniani angetengeneza kitu kama kile juu yake mwenyewe.

"Wazee," nikasema, "kuna na video. Iko na makosa yangu ndani. Muone kwanza hiyo, halafu sauti ianze pale video imekatika."

Nikageuza kompyuta iwatazame. Bibi akasimama mbele yao na kitambaa chake cha bluu. Wengine walivuta pumzi. Akaongea, picha ikayumba, keki ikaingia, na sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa, yenye kuudhika: "Haya mama, tumesikia." Mtu mmoja nyuma akasonya. Bila kungoja nikafungua sauti, na bibi akaendelea kutoka pale pale nilipomkatisha. Siku nitaondoka. Karungu. Karungu tena. Kisha kikaja kile kipande cha msichana na video, kicheko kikalipuka kutoka siku ile ya harusi, na watu wote waliokuwa chini ya turubai wakageuza vichwa kunitazama.

Baba mdogo naye alinitazama, na akacheka. Kicheko kilimtoka tu. Akanielekezea kidole, akasema kwa Kiswahili, "Ni wewe. Hiyo nakumbuka, tulicheka sana."

Mzee mwenye kofia akageuka polepole kwenye kiti chake.

"Kumbe unakumbuka," akamwambia.

Baba mdogo alibaki na kidole hewani. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini hakikuwa na pa kwenda. Alishusha mkono, akaketi, akapangusa goti la suruali ambalo halikuwa na vumbi. Hakuna aliyemzomea. Kisha akasema kitu kwa Dholuo, kifupi, akiangalia chini, na wanawake wakaanza kulia. Neno la mwisho lilikuwa Karungu.

Nikiwa nakunja nyaya, mama fundi alikuja kusimama kando yangu.

"Alisema nini?" nikamuuliza. "Ile ya video. Usinifiche tena."

Alifikiri kidogo. Kisha akanitafsiria taratibu, akiangalia spika badala ya kuniangalia mimi. Mama yake alisema hivi: huyu msichana wa video amezima mashine yake, nimemwona. Haidhuru, ni mtoto, amechoka. Nyinyi mna masikio.

Niliendelea kukunja waya ule ule ambao nilikuwa nimeshaukunja.

"Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Utakuja kupiga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uje basi. Lakini, nyathina, usizime."

Jumamosi hiyo nilifika Karungu na betri nne. Walizungumza wajukuu, majirani, wauza omena wenzake, na mama mmoja mzee sana aliyeongea kwa karibu saa nzima, na sikuelewa hata robo. Nilizitumia betri zote.